Fezi Tatu Katika Nyumba ya Buruburu

Nyumba za Eastlands zilijengwa kwa ajili ya kulala. Anzia Makongeni na Kaloleni, shuka na Jogoo Road hadi Buruburu, kisha uelekee Umoja na Kayole: kote huko umeme unaoingia mlangoni ni wa fezi moja, volti 240, wa kuwasha taa, kupasha pasi na kuendesha friji. Fezi tatu, volti 415, tuliizoea kuwa ya ng'ambo ya reli, kule Enterprise Road, Lusaka Road na Likoni Road, ambako viwanda vinanguruma. Jiji lilipangwa hivyo tangu ukoloni. Kazi iliwekwa upande mmoja, mfanyakazi akalazwa upande mwingine, naye akavuka asubuhi na kurudi jioni.

Baba yangu alivuka hivyo karibu maisha yake yote ya kazi. Alikuwa mkerezaji wa vyuma katika karakana kuu ya reli. Alianza uanagenzi enzi za East African Railways and Harbours, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea papo hapo, mashine zile zile, bosi mpya. Tuliishi nyumba za reli Makongeni. Jioni aliponishika mkono nilinusa mafuta ya kukatia chuma kwenye mikono yake, na mpaka leo harufu hiyo kwangu ni harufu ya mzazi.

Alipostaafu aliniachia mashine ndogo ya kukereza, Myford ML7, iliyoundwa Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza, ya aina iliyoanza kuuzwa mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Waingereza waliibuni kwa ajili ya watu wanaofanya ufundi nyumbani kwa mapenzi tu. Ni mashine ya kuwekwa juu ya benchi, nayo inakereza chuma kwa usahihi ambao umewapita wajomba zake wengi wakubwa. Niliiweka katika chumba tulichojenga ubavuni mwa nyumba yetu ya Buruburu, na kazi niliyojitwika ni kuunda kwa kipimo cha moja kwa kumi na sita injini ya mvuke ya daraja la 59.

Msomaji ambaye hajafika kwenye Makumbusho ya Reli hapo Nairobi na aende akazione. Beyer, Peacock wa Manchester walizijenga 34 kati ya mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja iliyozishinda nguvu popote duniani. Mount Gelai ingali imesimama pale. Baba alikereza vipuri vya injini hizo akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na hakuna kitu alichokisimulia kwa fahari zaidi.

Sasa, injini hiyo ukiipunguza kwa kipimo changu, gurudumu lake kubwa lina kipenyo cha milimita 86 hivi, na ni la chuma cha kuyeyusha. Pini za viungo vyake zina milimita 4. Na kila kipenyo kina kasi yake. Anayekereza hahesabu tu mizunguko ya mashine. Anahesabu mita ngapi za chuma zinapita mbele ya kisu kila dakika. Kwa chuma laini cha kawaida na kisu cha chuma kigumu cha kukatia, mita 30 kwa dakika ni mwanzo mzuri. Kwa chuma cha kuyeyusha, 20. Nondo ya milimita 20 basi inataka mizunguko 477 kwa dakika. Ya milimita 30 inataka 318. Gurudumu langu linataka kama 74.

ML7 ina kasi sita. Ukihamisha mkanda kwenye puli zake za ngazi tatu unapata 200, 357 na 640. Ukiingiza gia za nyuma unapata tatu nyingine za chini, kuanzia 35 hadi 110 hivi. Tazama tena hesabu zile. 477 imekaa katikati ya 357 na 640. 318 iko kati ya 200 na 357. Kwa hiyo mwenye mashine huchagua kasi iliyo jirani na kuvumilia. Ikiwa chini mno, uso wa chuma unatoka na mikwaruzo. Ikiwa juu mno, ncha ya kisu inageuka samawati, na hapo kisu kimekwisha. Tena kuna kazi ya kusawazisha uso wa duara, ambapo kisu kinatoka ukingoni kuelekea kitovu. Kipenyo kinazidi kupungua kila sekunde, kwa hiyo kasi sahihi inazidi kupanda, nawe huwezi kusimamisha mashine katikati ya njia uhamishe mkanda.

Baba alikuwa na jibu lake kwa hayo. "Mama," aliniambia (mimi nimerithi jina la mamake, hajawahi kuniita vingine), "usiitazame mashine. Isikize. Chuma kinasema kabla hakijaharibika." Ni kweli kinasema. Kisu kikianza kutetemeka sauti inapanda kama filimbi iliyokwama, na mara nyingi dawa ni kubadilisha kasi kidogo tu, asilimia kumi, kumi na tano, mtetemo ukakatika. Ila mkanda haujui asilimia kumi. Unajua kuruka kutoka 357 hadi 640. Sikio lilikuwa limefunzwa, mkono hauna la kufanya. Hilo ndilo lililonifanya nitafute mota ya kasi inayobadilika, wala si uvivu wa kuhamisha mkanda kama walivyodhani baadhi ya marafiki.

Njia ziko tatu ambazo mtu wa Eastlands anaweza kuzifikia. Ya kwanza ni mota ya mashine ya mazoezi ya kukimbilia, zile zinazouzwa kuukuu zikishaharibika. Ni ya mkondo mnyoofu, ina nguvu, na bei yake ni ya skrapu. Lakini imeundwa kuzunguka kasi sana, maelfu ya mizunguko kwa dakika, na ukiiteremsha taratibu kwenye kazi nzito inapata joto. Nyingi ziko wazi pande zote, na vumbi la chuma linaingia moja kwa moja hadi kwenye koili. Ya pili ni mota za cherehani za kiwandani, zile mpya zisizo na brashi ambazo mafundi cherehani wamezipenda kwa sababu hazili tokeni. Nimeiona moja ikiendesha mashine ya kukereza kwa adabu kabisa. Kwa kazi ndogondogo ningeipendekeza bila wasiwasi.

Mimi nilichagua ya tatu: mota ya kawaida ya fezi tatu na kisanduku cha umeme ambacho mafundi wanakiita draivu. Draivu inapokea fezi moja ya nyumbani, volti 240, inaigeuza kuwa mkondo mnyoofu wa karibu volti 340, kisha inaukatakata kwa kasi kubwa na kuusuka upya kuwa fezi tatu. Zaidi ya hapo, inachagua mawimbi mangapi yatoke kwa sekunde. Umeme wa Kenya Power huja na mawimbi 50 kwa sekunde, siku zote, mchana na usiku, na mota ya nguzo nne inayafuata kwa mizunguko 1,400 na kidogo kwa dakika. Draivu ikitoa mawimbi 25, mota inakwenda nusu. Ikitoa 75, inakwenda mara moja na nusu. Unazungusha nobu tu.

Mota yenyewe si jambo geni. Mikhail Dolivo-Dobrovolsky aliunda mota ya fezi tatu ya aina hii mwaka 1889, miaka kumi kabla ya reli kufika mahali palipokuja kuwa Nairobi, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana kwa sababu mota yenyewe haina brashi, haina cheche, na huweza kukaa miongo. Kilichokosekana ni namna ya kuiambia ipunguze mwendo. Danfoss wa Denmark walianza kuunda draivu kwa wingi mwaka 1968, na zamani hizo ilikuwa sanduku zito la kiwandani. Leo draivu ya mota ndogo inatosha kwenye kiganja cha mkono na inauzwa madukani mjini. Mabasi ya umeme ya BasiGo yaliyoanza majaribio Nairobi mwaka 2022 yana kifaa cha jamii hiyo hiyo, kinachochukua umeme wa betri na kuusuka kuwa mawimbi kulingana na mguu wa dereva.

Kutafuta mota kulinipeleka kwenye yadi za skrapu na kwa mafundi wa kusuka koili Kariobangi Light Industries. Hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo ningelitia kwenye mtaala wa kila chuo cha ufundi: soma kibati kabla hujaulizia bei. Kwenye kibati cha mota ya fezi tatu kumeandikwa volti mbili, na kila moja ina alama yake, pembetatu au nyota yenye matawi matatu. Draivu inayolishwa fezi moja ya volti 240 haiwezi kutoa zaidi ya volti 240. Kwa hiyo mota lazima iwe na 240 kwa pembetatu na 415 kwa nyota, nawe uifunge kwa pembetatu. Mota kubwa kubwa za viwandani nyingi zimeandikwa 400 kwa pembetatu. Hizo, hata ukipewa bure, si zako.

Niliyoipata ilikuwa ya kilowati 0.55, nguzo nne, imefungwa vizuri isiingize vumbi. Tatizo lake, vichwa vya waya vilivyotoka nje vilikuwa vitatu tu. Nyota ilikuwa imefungwa ndani, chini ya varnishi, kiwandani. Fundi mmoja kijana aliigeuza mikononi, akachungulia kwa tochi ya simu.

"Mathe, hii ukiifunga kwa draivu yako hivi ilivyo, itazunguka, lakini haitakuwa na nguvu."

"Unaweza kuifungua hiyo nyota, fundi?"

"Nitaitafuta. Nikiipata nitakutolea waya sita badala ya tatu. Lakini usinikimbize, hizi waya zikivunjika ndani ni kusuka upya."

Sikumkimbiza. Alipasha koili joto polepole, akalainisha varnishi, akakitafuta kile kifundo ambapo ncha tatu zimekutana, akakitenganisha, akaunganishia waya mpya na kuzifunika upya. Kazi ile ilihitaji subira na vidole, na sijaona popote pengine jijini mtu ambaye angeifanya kwa moyo ule. Watu huisifu jua kali kwa kubahatisha na kuunga-unga. Nadhani hawajakaa kwenye benchi na mtu wa namna hii. Alijua hasa kila ncha ilianzia wapi na kuishia wapi, na kabla hajanirudishia aliipima kila koili na kuniandikia namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko.

Kabla ya kung'oa mota ya zamani kulikuwa na kazi moja ya kufanywa nayo. Shafti ya mota ya zamani ilikuwa ya inchi, tano kwa nane, yaani milimita 15.9 hivi. Ya mpya ni milimita 19. Puli ya mota ilibidi itanuliwe tundu, na mashine ya kuitanua ni ile ile inayosubiri puli. Kwa hiyo nilikereza kwanza puli ya akiba, nikaitanua kwa kisu cha ndani hadi ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, nikachonga mfereji wa ufunguo kwa kulisukuma gari la mashine mbele na nyuma kwa mkono, kisu kikinyoa unywele mmoja mmoja. Mzee, yaani Baba, alikuwa ametutembelea wikendi hiyo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na hakusema neno mpaka puli ilipoingia. Ndipo akaomba chai.

Kufunga waya kuna mambo ambayo siwezi kuyapita haraka, kwa sababu mtu anaweza kuumia.

Swichi haiwekwi kati ya draivu na mota. Karakana moja niijuayo walifanya hivyo, wakazima mota kwa swichi hiyo ikiwa inazunguka, na draivu ikafa pale pale. Kuwasha na kuzima kunapitia waya zile ndogo za amri kwenye draivu yenyewe. Ndani mna kapasita zinazobaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi, basi ngoja dakika kadhaa na upime kabla ya kutia mkono. Waya wa athi uende kwenye mota, kwenye draivu na kwenye mwili wa mashine. Waya wa kwenda kwenye mota uwe wa kufunikwa kwa wavu wa chuma, la sivyo redio ya jirani inakoroma kila unapokereza, na jirani wa Eastlands ana haki ya kusikiliza taarifa ya habari. Draivu nayo iwekwe mbali na nyuzi za chuma zinazoruka. Yangu iko ndani ya sanduku la chuma ukutani, juu ya kichwa, hewa inaingia kupitia kitambaa ninachokifua.

Na jambo la mitaa yetu hasa: stima hupotea na kurudi bila kubisha. Kuna mpangilio kwenye draivu unaoamua kama mashine itajiwasha yenyewe umeme ukirejea. Uzime. Tumia kitufe cha kubonyeza kinachotaka kidole cha mtu ili mashine ianze, na kitufe kikubwa chekundu cha kuzima karibu na goti. Chumba changu kinapitwa na watoto wa mtaa mzima, na sitaki mashine ianze kuzunguka yenyewe saa mbili usiku ilhali mtoto amesimama karibu nayo.

Chaki ya ML7, kile kichwa chenye taya kinachoshika chuma, imekazwa kwa thredi kwenye shafti kuu. Draivu inaweza kurudisha mota nyuma kwa kubonyeza tu, na inaweza kuisimamisha ghafla. Vyote viwili vinaweza kuilegeza chaki ikafunguka ikiwa inazunguka, kilo kadhaa za chuma kuelekea kifuani mwako. Nimeupanga mwendo wa kusimama uwe wa sekunde kadhaa, polepole, na kurudi nyuma nimekufunga kabisa.

Sasa niseme ninaloamini kuhusu puli na gia, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Vijana wakiona nobu wanataka kuitupa mikanda yote, puli moja itoshe, mengine yafanywe na draivu. Mimi nasema ziachwe. Draivu inapoteremsha kasi, mota haiongezi nguvu yake ya kusokota. Inabaki ile ile, na uwezo wa jumla unashuka pamoja na mwendo. Gia na puli ndizo zinazobadilisha mwendo kuwa nguvu. Chukua lile gurudumu la milimita 86 linalotaka mizunguko 74. Naweza kuuacha mkanda kwenye 200 na kuiteremsha draivu hadi mawimbi 18 hivi kwa sekunde. Au naweza kuingiza gia za nyuma, niweke 110, na draivu itoe kama 34. Shafti kuu inazunguka sawasawa katika hali zote mbili, lakini ya pili ina nguvu ya kusokota karibu mara mbili, na feni ya mota, ambayo imefungwa kwenye shafti yake yenyewe, inapuliza hewa ya kutosha. Kwenye ile ya kwanza mota inapata joto na kisu kinasita kila kinapokutana na sehemu ngumu ya chuma cha kuyeyusha. Nimezijaribu zote mbili kwenye gurudumu moja na tofauti unaihisi kwenye mpini.

Upande wa juu nao una mpaka. Pini za milimita 4 zingependa mizunguko karibu 2,400. Draivu ingeweza kunisogeza huko. Beringi za ML7 hazikuundwa kwa hilo, ni za kuteleza kwenye mafuta, na 640 ndiyo iliyokuwa kasi ya juu ya waundaji wake. Ninapanda hadi 900 hivi kwa muda mfupi, nikitia mafuta mara kwa mara na kugusa kichwa cha mashine kwa kiganja. Zaidi ya hapo ni kuila mashine ya Baba.

Ndani ya mipaka hiyo, furaha yake ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Kusawazisha uso wa gurudumu sasa ni mkono wa kushoto kwenye nobu, wa kulia kwenye mpini, kasi ikipanda kadiri kisu kinavyokaribia kitovu, uso ukitoka na rangi moja kutoka ukingoni hadi katikati. Kukata thredi hadi kwenye bega, ambako zamani nilikuwa nikizungusha kwa mkono, nakufanya kwa mwendo wa taratibu kabisa na kusimama palepale ninapotaka. Na mtetemo ukianza kulia, naufuata kwa nobu hadi unyamaze. Mzee alipoona hivyo mara ya kwanza aliomba kushika nobu mwenyewe. Alifumba macho. Aliitafuta sauti, akapita, akarudi, akasimama penye mizunguko 460. Hesabu yangu ilikuwa imetoa 477.

Silinda ndizo zinazonisubiri. Daraja la 59 lina nne, mbili kila mwisho wa injini, na kuzitoboa kunataka kisu kirefu kinachojitokeza nje, cha kupenda kutetemeka kuliko vyote. Nimeanza na ya majaribio, ya shaba nyeupe. Fundi wangu wa Kariobangi naye ana mashine ya kutobolea yenye mota iliyokufa, na ameamua kuifanyia hivi hivi kwenye kibanda chake, ambako pia fezi ni moja. Aliniuliza namba za draivu. Nimemwandikia zote, ya kwanza ikiwa ile ya kuizuia isijiwashe stima inaporudi.